Mafundi wamegoma kubadilika, na bosi anataka majina

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni kijana wa miaka 33, msimamizi wa mafundi kwenye karakana ya kushona sare za shule hapa Vingunguti. Mafundi wako 24, wengi wao akina mama, na karibu wote wanalipwa kwa pisi, yaani kwa kila shati wanalomaliza. Nami nilianza hapa hapa nikiwa fundi wa ovaloki, ndiyo maana jambo hili linaniumiza pande zote mbili.

Katikati ya mwaka bosi alinunua cherehani nne mpya za umeme, zile zinazokata uzi zenyewe. Akataka tuache mtindo wa kila fundi kushona shati zima mwanzo hadi mwisho, twende kwa laini: mmoja kola, mwingine mikono, mwingine mifuko, mwingine matundu ya vifungo. Alituita asubuhi moja, akatangaza, akaondoka. Mafundi walijaribu kama wiki mbili, pisi zikashuka, wakarudi kimya kimya kwenye mtindo wa zamani. Zile cherehani zimefunikwa kitambaa mpaka leo.

Baadaye bosi akaenda semina ya wafanyabiashara, akarudi na mpango wa ubunifu. Aliweka sanduku la maoni mlangoni na zawadi ya shilingi 100,000 kila mwezi kwa Mfanyakazi Mbunifu, picha yake ibandikwe ukutani. Miezi mitatu imepita. Zimepatikana karatasi tatu: mbili zinaomba feni upande wa pasi, moja inaomba chai ya saa nne irudishwe. Bosi alizisoma mbele ya watu wote, akasema watu wetu ni wavivu wa kufikiri na hawapendi mabadiliko.

Sasa kuna jambo la mwaka jana lazima nikueleze. Mama mmoja, fundi wa siku nyingi, alikata patani ya kadibodi ngumu ya kukunjia mfuko wa shati kwa pasi kabla ya kuushona. Mfuko unatoka umenyooka, wala huhangaiki kupima tena. Alikuwa anamaliza mashati 12 kwa siku, akafika 16. Tulifurahi sana. Bosi alipoona daftari la malipo, akashusha bei ya shati kutoka shilingi 1,500 hadi 1,200 kwa mafundi wote, akisema kazi imekuwa rahisi. Wenzake walimnunia yule mama hadi akawa anakula peke yake. Juzi nilimwuliza kwa nini haandiki chochote kwenye sanduku. Akanijibu, "Mimi nilishatoa la kwangu, na malipo yake tuliyaona."

Bosi amenipa hadi mwisho wa mwezi nimpelekee majina ya wanaopinga mabadiliko. Oda za Januari zimeanza kuingia. Nifanye nini watu hawa wawe wabunifu na waikubali laini? Na majina, niandike?

Msimamizi, Vingunguti

*

Marahaba, mwanangu.

Majina usiandike. Sababu nitakupa, ila kwanza chukua karatasi tupige hesabu, maana jibu la swali lako umeliandika mwenyewe katikati ya barua.

Kabla ya patani, fundi alishona mashati 12 kwa shilingi 1,500, akaondoka na 18,000 kwa siku. Baada ya patani, yule mama anashona 16 kwa 1,200, anapata 19,200. Ameongeza mashati manne, mkononi imeongezeka 1,200. Haya, tazama wenzake ambao hawajaizoea patani na wamebaki kwenye 12 zao. Wanapata 14,400. Kila mmoja anapoteza 3,600 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi hiyo ni shilingi 93,600 kwa mwezi. Bosi anakuja na sanduku na kusema mwenye wazo zuri atapewa 100,000. Mafundi wako wanajua kuhesabu. Zawadi ni ya mtu mmoja, mara moja. Kushuka kwa bei ni kwa kila mtu, kila mwezi, bila mwisho. Ukiwa na wazo la kuokoa dakika tano kwa kila shati, ukiwapenda wenzako utalinyamazia.

Kwa hiyo mtu asikuambie kwamba hao ni wavivu wa kufikiri. Wamefikiri, tena kwa makini, na uamuzi waliofikia ni wa busara kwa mazingira waliyowekewa. Hilo ndilo bosi wako anatakiwa alielewe, na hapo ndipo kazi yako ilipo.

Nikupe mfano wa mbali kidogo, kwa sababu unafanana na wenu kupita kiasi. Sialkot ni mji wa Pakistan unaojulikana duniani kwa kushona mipira ya miguu. Mpira ule wa kawaida una vipande 32: 20 vya pembe sita na 12 vya pembe tano. Vile vya pembe tano vikikatwa kwenye shuka la ngozi bandia huacha mabaki mengi. Kundi la watafiti wa uchumi lilitengeneza chuma kipya cha kukatia, kilichopangwa kwa namna ambayo shuka lile lile linatoa vipande vingi zaidi. Wakavigawia viwanda 35 bure. Ungetegemea kila mwenye kiwanda akimbilie, maana malighafi ni fedha. Lakini hata baada ya miezi 15 viwanda vilivyokuwa vikikitumia vilikuwa vichache.

Sababu ilikuwa kwa wakataji. Walilipwa kwa pisi, kama mafundi wako. Chuma kipya kiliokoa ngozi, na faida hiyo ilikuwa ya mwenye kiwanda. Kwa mkataji kiliongeza taabu, kwa sababu siku za kujifunza alikata polepole na kipato kikashuka. Basi wakataji wakawaambia mabosi kwamba chuma hakifai, na mabosi, ambao wengi wao hawakati wenyewe, wakaamini.

Watafiti wakajaribu njia nyingine. Katika baadhi ya viwanda walimwahidi mkataji mmoja na mchapaji mmoja, yule anayechapa michoro kwenye ngozi, malipo yanayokaribia kipato cha mwezi mzima, kwa sharti moja: waonyeshe mbele ya mwenye kiwanda kwamba teknolojia mpya wanaiweza. Malipo hayo ya mara moja, ambayo ni madogo sana kwa kiwanda, yaliongeza idadi ya viwanda vilivyoanza kutumia chuma kipya. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2017. Mji ni ule ule na chuma ni kile kile. Kilichobadilika ni kwamba gharama ya kujifunza haikuwa tena juu ya mabega ya mkataji.

Sasa rudi Vingunguti. Zile wiki mbili za laini, nani alilipia kushuka kwa pisi? Mafundi. Wiki mbili hazitoshi mkono wa mtu kuzoea kushona kola tu, na kila siku ya kujifunza ilikatwa kwenye kodi ya chumba na kwenye mchezo wa akina mama. Hakuna fundi wa pisi duniani atakayevumilia hivyo hadi mwezi wa tatu, apende mabadiliko asipende.

Utasikia wataalamu wa semina wakisema fedha haimfanyi mtu awe mbunifu, na wanao msingi. Mwaka 1971 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Deci, aliwapa wanafunzi wa chuo mafumbo ya kuunganisha vipande. Waliolipwa kwa kuyafumbua, malipo yalipoondolewa, waliyagusa kidogo kuliko walivyoyagusa mwanzo. Ubunifu mwingi unatoka kwenye hamu ya kazi yenyewe, na ndiyo maana picha ya ukutani na laki moja havijamsukuma mtu. Lakini wanafunzi wale hawakuwa wakicheza mafumbo ili watoto wapate chakula. Kwa mtu wa pisi mambo yana mpangilio wake: kwanza ajue kwamba wazo lake halitamdhuru, ndipo ile hamu ipate pa kukaa. Yule mama alitengeneza patani bila kuahidiwa senti. Hamu alikuwa nayo. Mliizima ninyi, kwa kalamu ya kwenye daftari la malipo.

Kuhusu laini yenyewe, nina jambo la pili la kukuambia, na hili halihusu fedha peke yake.

Kulikuwa na kiwanda cha pijama kiitwacho Harwood, katika mji wa Marion, jimbo la Virginia, Marekani. Wengi wa wafanyakazi walikuwa wanawake wanaolipwa kwa pisi, na kila mara mtindo wa kazi ulipobadilishwa uzalishaji ulianguka na watu wakaacha kazi. Watafiti wawili, Lester Coch na John French, waliandika mwaka 1948 walichokijaribu pale. Kundi la kwanza waliitwa, wakaelezwa kwamba kazi imebadilika na bei mpya ya pisi ni hii, wakaruhusiwa kuuliza maswali, basi. Ndivyo alivyofanya bosi wako, tena wao waliulizwa kama wana maswali. Uzalishaji wa kundi hilo ulishuka na haukupanda, wakazozana na msimamizi, na asilimia 17 wakaacha kazi ndani ya siku 40 za kwanza.

Makundi mengine waliwekewa mezani nguo mbili zinazofanana kabisa. Moja ilikuwa imeuzwa kwa bei mara mbili ya nyingine. Wakaambiwa waoneshe ipi ni ya bei ya chini, wakashindwa. Hapo mazungumzo yakaanza: soko limebana, gharama lazima zipungue, tufanyeje? Wafanyakazi wakapanga wenyewe jinsi ya kuondoa hatua zisizo za lazima, na hata kupima muda wa kazi na bei ya pisi walishirikishwa. Katika makundi yaliyoshiriki wote, mapendekezo yalimiminika hadi aliyekuwa akiyaandika akapata shida kuyafuata. Uzalishaji ulirudi ndani ya siku chache kisha ukapita ule wa awali, na hakuna aliyeacha kazi.

Bosi wako akisema watu fulani kwa asili hawapendi mabadiliko, mweleze hili: miezi miwili na nusu baadaye, waliobaki wa lile kundi la kwanza, wale wagomvi, walipewa kazi nyingine mpya, safari hii wakishirikishwa. Wakapanda haraka kama wengine. Watu walikuwa wale wale.

Na laini ina gharama ambayo nadhani hakuna aliyeisema kwa sauti. Fundi anayejua kushona shati zima ana mtaji mkononi. Jioni anachukua oda za majirani, na siku akichoka na karakana anaweza kuweka cherehani barazani kwake Buguruni au Kiwalani akaishi. Ukimkalisha kwenye kola miaka mitatu, mkono unasahau mengine. Tena anakosa ile raha ya kuona shati likikamilika. Watafiti Teresa Amabile na Steven Kramer walisoma karibu maandishi 12,000 ya shajara za kila siku kutoka kwa wafanyakazi 238, wakakuta kwamba siku nzuri kazini zilitokana zaidi na mtu kuona amepiga hatua kwenye kazi yenye maana kwake. Fundi wa kola anapiga hatua gani akiwa haoni shati? Dawa ipo: wazungukeni. Wiki hizi kola, wiki zile mikono, na kila kundi lione rundo la mashati yaliyokamilika kwa jina la kundi lao. Lakini sitaki wewe ulipange hilo peke yako. Waulize wao. Wanajua mambo ya zile cherehani nne ambayo wewe na bosi hamyajui.

Lile sanduku sasa. Karatasi mbili zinaomba feni upande wa pasi, nanyi mmeziona kama utani. Vingunguti, Novemba kwenda Desemba, chini ya bati, mtu amesimama na pasi tangu asubuhi! Anayeomba feni anakwambia kinachopunguza pisi zake saa nane mchana. Hilo ni wazo la uzalishaji. Chai ya saa nne ni hivyo hivyo. Watu hujaribu kwanza na ombi dogo waone kama kuna mtu anasikiliza, na ombi dogo likisomwa kwa dhihaka mbele ya wenzao, kubwa hawalitoi. Nunueni feni wiki hii. Sema wazi kwamba imetoka kwenye karatasi za sanduku, kisha sanduku liondoe kabisa, ukae na mafundi dakika 15 kila Jumatatu ukiandika wanayosema na ukiwarudishia jibu Jumatatu inayofuata, hata jibu likiwa ni hapana na sababu yake. Toyota wamekuwa wakikusanya mawazo ya wafanyakazi wao tangu mwaka 1951, na kilichoyaweka hai miaka yote hiyo ni kwamba mawazo madogo yanajibiwa. Hapa kwetu mafunzo ya aina hiyo, Kaizen, yaani kuboresha kazi kidogo kidogo kila siku, yameendeshwa viwandani tangu 2013 na wizara inayoshughulikia viwanda na biashara pamoja na Shirika la Maendeleo la Japani, JICA. Bosi wako anapenda semina. Hiyo ingemfaa kuliko ile aliyokwenda.

Turudi kwenye majina. Orodha ya namna hiyo ina kazi moja tu, nawe unaijua. Kama bosi anawaza kupunguza watu kwa sababu ya mashine mpya, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 38, inamtaka atoe taarifa mapema, aeleze sababu, na ashauriane na wafanyakazi au chama chao kuhusu njia za kuepuka au kupunguza upunguzaji huo, namna ya kuchagua watakaoondoka, lini, na malipo yao. Akiruka hatua hizo, atajikuta mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi. Mweleze kwa upole, kama mtu anayemkinga na hasara. Ila hata sheria isingekuwepo ningekuambia vivyo hivyo, kwa sababu siku jina la kwanza litakapotoka kwako, mafundi 23 waliobaki hawatakuambia ukweli tena, na msimamizi asiyeambiwa ukweli hana anachosimamia.

Badala ya majina, mpelekee karatasi ya hesabu. Bosi ni mfanyabiashara, ataisoma. Andika zile cherehani nne zilimgharimu kiasi gani na zimekaa chini ya kitambaa miezi mingapi. Andika hasara ya 3,600 kwa siku kwa kila fundi aliyebaki kwenye mashati 12 na mawazo ngapi yameingia tangu bei ishuke. Kisha omba haya.

Bei ya shati irudi 1,500, au ikishindikana kabisa, ipande kwa kiasi mtakachokubaliana na mafundi, na iandikwe kwamba haitaguswa kwa mwaka mzima hata mtu akishona mashati 20. Bosi ataona kama anapoteza, lakini shati la 16 linashonwa kwenye pango lile lile na muda ule ule wa msimamizi, na mteja wa Januari anataka sare kabla shule hazijafunguliwa. Faida yake iko kwenye wingi na kwenye muda.

Laini isianze sasa. Mtu hajifunzi mtindo mpya oda zikiwa zimefika dirishani. Ianze Februari, na mafundi sita tu waliojitolea, kwenye zile cherehani mpya. Wakati wa kujifunza walipwe wastani wa kipato chao cha miezi mitatu iliyopita, wakishona nyingi walipwe nyingi, wakishona chache wastani usishuke. Wiki nne zinatosha kuanzia. Gharama yake kwa watu sita ni ndogo ukilinganisha na mashine zilizolala. Wagawane wenyewe bei ya kola, mikono na mifuko, maana kola ni ngumu kuliko mfuko na wao ndio wanaojua kwa kiasi gani.

Na yule mama alipwe. Simaanishi picha. Patani yake ndiyo iliyoharakisha kazi humo, na karakana imeokoa shilingi 300 kwa kila shati tangu bei ilipushwa mwaka jana. Akae na bosi wakubaliane kiasi, na wenzake waambiwe kwamba bei ilishuka kwa uamuzi wa ofisi, yeye hakuiomba. Hilo aliseme bosi kwa mdomo wake. Kama hawezi, liseme wewe, kwa ruhusa yake.

Mfuate bosi akiwa peke yake, asubuhi kabla mafundi hawajaingia, kabla mwezi haujaisha. Usianze na Pakistan wala Virginia, wala usianze na laini. Anza na bei ya shati. Mengine yote yanaweza kusubiri Februari, hilo haliwezi.